Kutu Huanzia Chini ya Jani

Soya haimo katika orodha ya mazao yanayoitangaza Unguja. Mgeni anayeingia soko la Darajani huonyeshwa karafuu, mdalasini, hiliki na pilipili manga. Soya nayo imo humo humo, ila imeshasagwa na kuchanganywa katika unga wa lishe wa kumpikia mtoto uji, na nyingine imo katika chakula cha kuku wanaofugwa pembezoni mwa mji. Kwa sehemu kubwa soya hiyo huvuka bahari kutoka Bara, ambako Ruvuma, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa inayotajwa kwanza. Kwa hiyo ugonjwa ukiingia shamba la Songea, mkoani Ruvuma, hauishii kwa mkulima wa Songea. Mama wa Mji Mkongwe naye atachangia hasara hiyo dukani.

Ugonjwa unaotisha zaidi ni kutu ya soya. Unaletwa na kuvu ambayo wataalamu huiita Phakopsora pachyrhizi, yenye asili ya Asia. Vumbi lake la kahawia, ambalo kila chembe yake ni mbegu ya kuvu mpya, ni jepesi kiasi cha kubebwa na upepo mamia ya kilomita. Likitua juu ya jani lenye umande, likapata unyevu kwa saa 6 hivi na joto la kati ya nyuzi 15 na 28, kazi imeanza. Kuvu nyingi za jamii ya kutu huingilia kwenye matundu ya jani ya kupumulia, lakini hii hutoboa ngozi ya jani moja kwa moja. Baada ya siku 9 au 10 doa jipya linatoa vumbi lake lenyewe, na mzunguko unarudi mwanzo. Shamba lisilolindwa linaweza kupoteza hadi asilimia 80 ya mavuno.

Kinachomponza mkulima ni mahali inapoanzia. Majani machanga ya juu, yanayopigwa na jua, ndiyo anayoyaona mtu aliyesimama ukingoni mwa shamba, na kwa kawaida majani hayo huwa mazima. Kutu huanza kwenye majani ya chini yaliyofunikwa na wenzake, ambako umande huchelewa kukauka, na mara nyingi huanza pale mimea inapotoa maua. Atakayeiona mapema ni yule aliyechutama, akachuma jani la chini na kuligeuza. Juu ya jani atakuta madoa ya rangi ya nyasi kavu, ya milimita 2 hadi 5, yenye pembe pembe kwa sababu vishipa vya jani vimeyazuia yasienee. Chini ya jani, ndani ya doa lile lile, kuna vivimbe vidogo vyenye tundu kileleni, mfano wa vichuguu. Vikipanguswa kwa kidole vinaacha vumbi la kahawia. Lenzi ya mkononi inayokuza mara 20 inatosha kuviona vizuri. Pasipo vivimbe hivyo, hata mtu aliyesomea anaweza kuchanganya kutu na madoa ya bakteria, au na madoa ya kahawia yanayoletwa na kuvu nyingine, Septoria glycines.

Tarehe za safari ya ugonjwa huu barani Afrika zinasema mengi. Mwaka 1996 uliripotiwa Uganda, Kenya na Rwanda. Mwaka 1998 ulikuwa Zambia na Zimbabwe, mwaka 1999 Nigeria, na mwaka 2001 Afrika Kusini. Mwaka huo huo wa 2001 ulionekana Paraguay na Brazili, na Novemba 2004 ukafika Louisiana, Marekani. Wataalamu wengi wanaamini ulibebwa na upepo wa kimbunga Ivan, kilichopiga huko miezi miwili kabla.

Na Tanzania je? Ripoti ya kwanza ya kisayansi ya kutu ya soya nchini ilichapishwa mwaka 2014. Miaka 18 baada ya Uganda iliyo kaskazini, miaka 16 baada ya Zambia iliyo kusini. Upepo hausimami mpakani, Mutukula wala Tunduma, kwa hiyo ni vigumu mno kuamini kwamba ugonjwa uliizunguka nchi nzima bila ya kuigusa kwa muda wote huo. Linaloelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba kutu ilikuwepo kitambo, wakulima waliona majani yakipukutika mapema wakadhani soya imekomaa au mvua imekatika, na hakuna aliyelipeleka jani lile maabara. Mwaka unaoandikwa vitabuni kuwa ndio ugonjwa ulipoingia, mara nyingi ni mwaka ambao mtu fulani aliligeuza jani akajua anachokitazama.

Unguja ina historia yake ya kuchelewa, tena ndefu kuliko ya soya.

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hiki, na hasara yake ilionekana siku ile ile. Maradhi ya mikarafuu hayakuwa na kelele namna hiyo. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 wenye mashamba walikuwa wakiiona miti mikubwa, iliyokwisha kuzoea kuzaa, ikifa mmoja mmoja, kisha kwa mafungu. Kwanza kijani cha majani kinafifia kidogo, kiasi cha mpita njia kudhani ni ukame. Majani yanaanza kupukutika. Yanayobaki yananyauka kwa pamoja, yanakauka yakiwa bado mtini, na baada ya siku au wiki chache mkarafuu umekufa wima. Watafiti waliuita ugonjwa huo kifo cha ghafla.

Kumjua mwuaji kulichukua zaidi ya nusu karne. Kirusi nacho kilishukiwa njiani. Mwaka 1949 F. J. Nutman na F. M. L. Sheffield walichapisha uchunguzi wao wa namna ugonjwa unavyosambaa shambani, na mwaka 1953 Nutman na mwenzake F. M. Roberts wakaitaja kuvu ya Valsa eugeniae. Kuvu hiyo hushambulia mizizi midogo inayofyonza maji. Mti mkubwa una mizizi mingi, kwa hiyo unaendelea kusimama na hata kuzaa huku chini unapungukiwa. Siku maji yanayopanda yasipotosha tena, majani yote yanaathirika kwa mkupuo. Jani la kwanza linapobadilika rangi, mizizi ilishakwenda zamani. Ukifukua na kuupasua mzizi wa mti kama huo unakuta ubao wake umegeuka manjano.

Hapo ndipo penye somo kubwa kwa mtu anayezungumzia kugundua maradhi mapema. Kwenye mkarafuu uliokwisha kunyauka hakuna tena la kuwahi. La kuwahi liko kwenye miti iliyouzunguka, ambayo bado ni ya kijani, na ambayo hakuna mwenye habari ya mizizi yake. Mkulima anayeukata mti uliokufa akauza kuni na kuendelea na shughuli zake, ameondoa ushahidi. Ugonjwa umebaki pale pale.

Mikarafuu ina kuvu nyingine ambayo inaonekana kwa urahisi zaidi, na kwa hiyo kuiacha iendelee ni kosa kubwa zaidi. Nutman na Roberts waliieleza mwaka 1952: ugonjwa wa kukauka matawi, unaoingia kupitia majeraha. Majeraha hayo kwa wingi ni ya mavuno. Mchumaji amepanda, karafuu nzuri ziko ncha ya tawi, anavuta kwa ngoe, tawi linapasuka kwenye pacha. Kuvu inaingilia hapo na kushuka kuelekea shinani, ikiua ubao inamopita. Ukibandua gome kwa kisu chini kidogo ya sehemu iliyokauka, unaona ubao umetiwa rangi nyekundu ya udongo. Ukiendelea kushuka unafika mahali ambapo ubao ni mweupe na safi. Tawi likatwe hapo, kwenye ubao safi, na kilichokatwa kichomwe moto. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuvu hiyo ndiyo hiyo hiyo inayoleta vidonda kwenye mikaratusi katika nchi nyingi za joto. Mwenye mikarafuu anayepanda mikaratusi kando yake kwa ajili ya nguzo na kuni anafaa kulijua hilo.

Kwa nini basi mti unachelewa kutazamwa katika kisiwa ambacho karafuu ilikuwa ndiyo maisha yake? Sehemu ya jibu haimo katika elimu ya kuvu kabisa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa wananchi kwa eka tatu tatu, na mashamba mengi ya mikarafuu yakabaki mali ya Serikali, ambayo imekuwa ikiyakodisha kwa wachumaji wakati wa msimu. Mkodi wa msimu mmoja ana hesabu yake: achume azimalize, alipe kodi, aanike, auze. Tawi likipasuka hasara si yake, na mti ukianza kufifia mwakani atakuwa kwenye shamba jingine. Hakuna wa kumlaumu kwa kufuata hesabu hiyo, kwani ndivyo mpango ulivyomwekea. Lakini mpango ambao anayeuona mti kila siku hana faida yoyote kwa kutoa taarifa, hautagundua ugonjwa wowote mapema, hata ukiwekewa maabara ya kisasa kiasi gani.

Migomba nayo ina ushahidi wake, na wa karibu zaidi. Mwaka 1987 ugonjwa wa sigatoka nyeusi ulionekana Pemba, na muda mfupi baadaye ukawa Unguja na mwambao wa Kenya na Tanzania Bara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa tatizo kubwa Uganda, nchi ambayo ndizi ndicho chakula chake. Pemba ikawa mahali pa kwanza ugonjwa huo kuandikwa upande huu wa Afrika Mashariki. Nao huanzia chini: nukta za rangi ya kutu, ndogo kuliko kichwa cha pini, upande wa chini wa jani la tatu au la nne kutoka juu. Nukta zinarefuka kuwa michirizi, michirizi inakuwa myeusi na kuonekana pande zote mbili, kisha madoa yanaungana na jani linaungua. Anayeanza kuangalia kwenye hatua ya kuungua ameshapitwa na hatua zote ambazo kukata majani machache yaliyoanza kungesaidia. Ndizi mzuzu na mkono wa tembo, ambazo mezani Unguja hazikosekani wakati wa kufuturu, zote ni za kundi linaloathirika vibaya.

Kuna jingine la kuogopwa kwenye migomba: aina ya mnyauko wa Panama inayoitwa TR4. Mwaka 2013 ilithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji, na mwaka 2019 Mayotte, kisiwa cha jirani kwenye bahari hii hii. Kuvu yake hukaa udongoni kwa miongo, na husafiri kwenye machipukizi ya migomba na kwenye udongo ulioganda chini ya viatu. Vumbi la kutu ya soya haliwezi kuzuiwa bandarini Malindi, hapa Unguja, kwa sababu halipiti bandarini. Chipukizi la mgomba linapita. Ukaguzi wa bandarini na kwenye madiko ya majahazi una maana kubwa kwa ugonjwa mmoja na maana ndogo kwa mwingine, na fedha chache zilizopo zinapaswa kugawanywa kwa kulijua hilo.

Wapo wanaosema simu itamaliza tatizo. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwani sehemu ya ushahidi wake imetoka kwenye mwambao huu. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State kwa kushirikiana na taasisi ya IITA, ilifundishwa kwa maelfu ya picha za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa kwenye mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Inafanya kazi bila ya intaneti. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2020, yakiongozwa na mtafiti Latifa Mrisho, yaliipambanisha na watu katika kutambua magonjwa ya virusi ya muhogo. Wakulima walipatia kwa asilimia 18 hadi 31, maofisa ugani kwa asilimia 40 hadi 58. Nuru ilipata asilimia 65 ikitazama jani moja, na ikapanda hadi kati ya 74 na 88 ilipopewa majani sita ya mmea mmoja.

Takwimu hizo zina mambo mawili. La kwanza ni kwamba mkulima wetu ameachwa peke yake: mtu anayelima muhogo maisha yake yote hakufundishwa kuyatambua magonjwa yake makubwa. La pili ni kwamba hata chombo kizuri kilihitaji mtu wa kuchagua majani sita na kuyaelekeza mbele ya kamera. Simu ikielekezwa juu ya shamba la soya lenye kutu changa itasema shamba ni zima, na itakuwa imesema kweli kuhusu ilichoonyeshwa. Vivyo hivyo ndege ndogo zisizo na rubani na kamera zinazopima mwanga usioonekana kwa macho: zinapiga picha ya juu, na kutu iko chini. Kwa mzizi wa mkarafuu ndiyo kabisa.

Kilichofanya kazi kwa kutu ya soya ni kitu cha bei nafuu zaidi. Kuanzia mwaka 2005 Marekani iliweka mamia ya vishamba vya doria: kipande kidogo cha soya kinachopandwa mapema kuliko mashamba ya biashara, ili kitangulie kutoa maua na kitangulie kupata kutu kama ipo. Mtu alikitembelea kila wiki, akachuma majani ya chini, akayakagua kwa lenzi, na matokeo yakatangazwa kwa kila mkulima. Thamani yake ilionekana hata pale ambapo hakuna kilichopatikana, kwa sababu mkulima aliyeambiwa kutu haijafika hakununua dawa bure. Dawa za kutu hufanya kazi ya kinga zaidi kuliko tiba. Zikipigwa baada ya majani ya chini kujaa vumbi, fedha imekwenda. Uganda ilichukua njia ya mbegu: programu ya Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya uongozi wa Phinehas Tukamuhabwa, ilitoa aina zinazostahimili kutu, zikiwemo Namsoy 4M na MakSoy 1N za mwaka 2004. Ni kazi kubwa na ya kujivunia. Hata hivyo kuvu hii ina tabia ya kubadilika hadi ikaishinda kinga ya mmea, kwa hiyo aina zenye kinga nazo zinahitaji mtu wa kuzitazama chini ya majani.

Unguja haihitaji mamia ya vishamba. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo iko Kizimbani, na vijana wanasomea kilimo papo hapo. Vishamba vichache, kimoja hapo na vingine kwenye mashamba ya wakulima katikati na kusini mwa kisiwa, vingetosha kuanzia. Na visipandwe soya tu. Kuvu ya kutu ya soya inaweza kuishi kwenye mimea mingine mingi ya jamii ya kunde, mbaazi na fiwi zikiwemo, na mbaazi husimama shambani hata pale mazao mengine yameshavunwa. Yaani kisiwa kinaweza kuihifadhi kutu bila ya kulima soya hata eka moja, na pepo za kusi na kaskazi zikaisambaza. Anayetaka kuijaribu soya Unguja kesho, kwa kuwa kuku wanahitaji chakula, angefaa kujua leo kilicho kwenye mbaazi za jirani yake.

Sehemu ngumu zaidi ya mpango huo ni majibu. Jani likitoka shehia, likapita kwa bwana shamba likafika Kizimbani, lirudi na neno. Mkulima aliyepeleka jani akakaa mwezi mzima bila ya kuambiwa chochote hatapeleka la pili, na jirani yake aliyemwona hatapeleka hata la kwanza. Kwa ugonjwa unaojizalisha kila siku 9 au 10, jibu la baada ya wiki tatu ni taarifa ya msiba. Wizara ya Kilimo ijiwekee ahadi ya siku tatu, na itangaze kwa jina la shehia nini kimeonekana na nini hakikuonekana.

Kwa mwenye shamba la kunde, mbaazi au soya, hakuna haja ya kuisubiri Wizara. Maua yakianza, ashike njia ya katikati ya shamba mara moja kwa wiki, achume majani ya chini kutoka mimea iliyo mbalimbali na kuyageuza. Akikuta doa asilolijua, alitie jani katika kopo lenye mfuniko pamoja na kitambaa kilicholoweshwa kidogo, alilaze kivulini usiku mmoja. Kama ni kutu, asubuhi vumbi la kahawia litakuwa limejitokeza. Kopo hilo lifike kwa bwana shamba siku hiyo hiyo, likiwa limeandikwa tarehe na jina la shehia.